Msingi wa Darasa na Mambo ya Kale: Nani Aangalie Buhongwa Inapojengwa?

Kata ya Buhongwa iko kusini mwa Jiji la Mwanza, ukishapita Nyegezi na Mkolani kwa barabara kuu ya kwenda Shinyanga. Kwa hesabu za serikali si kijiji tena. Ni mitaa ya Wilaya ya Nyamagana. Lakini shule za huku, kama za vijiji vingi vya Kanda ya Ziwa, bado zinajengwa kwa mtindo ule ule: fedha zinaingia kutoka halmashauri, wananchi wanajitokeza na majembe na sururu kuchimba msingi, kamati ya ujenzi inasimamia, fundi wa mtaani anapandisha kuta. Ndani ya utaratibu huo kuna swali lisilo na jibu la wazi. Mtaro wa msingi ukifunguliwa, je, awepo mtu wa mambo ya kale wa kuutazama? Na akiona kitu, kazi isimame?

Majibu yanayosikika yanagongana. Wapo wanaoamini kwamba kigae kimoja cha chungu kikionekana, kiwanja kinachukuliwa na serikali na shule inahamishwa. Wapo wanaosema hakuna sheria yoyote inayohusu kiwanja cha shule. Mifupa ikifukuliwa, mmoja anataka polisi waitwe, mwingine anataka wazee, wa tatu anashauri irudishwe shimoni haraka kabla mkandarasi hajasikia. Juu ya yote hayo ipo imani kwamba anayechunguza ardhi anatafuta dhahabu.

Mali za Mjerumani

Hili la dhahabu lazima lisemwe mwanzo, kwa sababu linaharibu mazungumzo mengine yote. Simulizi kwamba Wajerumani walizika mali walipokimbia katika Vita Kuu ya Kwanza zimeenea Tanzania nzima, na Mwanza, ambayo Waingereza waliiteka Julai 1916, haikuachwa nyuma. Matokeo yake ni kwamba mgeni mwenye kipimo cha mkononi, ramani na daftari anaonekana ni msaka hazina. Mwenye shamba anadai fungu lake, vijana wanarudi usiku kuchimba, na mwenyekiti wa mtaa anaanza kuulizwa amelipwa shilingi ngapi.

Anachotafuta mwanaakiolojia kwenye msingi wa darasa hakiuziki sokoni. Ni kigae chenye michirizi, kipande cha mavi ya chuma, yaani taka ngumu inayobaki chuma kikiyeyushwa, mkaa wa jiko la zamani, tabaka la udongo lililobadilika rangi. Thamani yake imo katika mahali kilipolala: kina cha sentimita ngapi, katika udongo gani, pamoja na nini. Mkaa uliobaki mahali pake unaweza kupimwa umri maabara kwa njia ya kaboni 14. Mkaa ule ule ukishachanganyika na kifusi kando ya mtaro hausemi lolote. Ndiyo maana muda wa kuangalia ni mfupi: tangu sururu inapogusa udongo hadi zege linapomwagwa.

Ukanda huu una nini chini

Mwambao wa kusini wa Ziwa Viktoria si ardhi tupu kwa wanaoijua. Mwaka 1969 Robert Soper na mwenzake Golden walichapisha matokeo ya uchunguzi wa kiakiolojia wa Mkoa wa Mwanza, wakaorodhesha maeneo yenye vyungu vya kale, mapango ya miamba na michoro. Nyang'oma, mojawapo ya mapango ya miamba ya mkoa huo, ilitoa vyungu vya aina ya Kansyore, kazi ya wavuvi na wawindaji walioishi kando ya ziwa kabla ya kilimo, na pia vyungu vya Urewe vya wakulima na wafua chuma wa mwanzo.

Vyungu vya Urewe vinatambulika kwa jicho la kawaida mtu akishaonyeshwa mara moja. Vingi vina kibonyo kitakoni, kama mfinyanzi alibonyeza kidole gumba kabla udongo haujakauka, na midomo yake imechorwa michirizi inayokwenda sambamba. Jina limetoka Urewe, Siaya, upande wa Kenya, na maelezo yake ya kwanza ya kina yalichapishwa mwaka 1948. Aina hiyo ya vyungu imeenea Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania, na iliyo ya mapema zaidi ina umri unaozidi miaka 2,000. Ng'ambo ya ziwa, mkoani Kagera, Peter Schmidt alichimba Katuruka na maeneo ya ghuba ya Kemondo kuanzia miaka ya 1970 na kukuta mabaki ya tanuru za kuyeyushia chuma za enzi hizo hizo. Kusini-magharibi, katika nchi ya Wazinza, Warongo waliendelea kuyeyusha chuma na majembe yao yalifika Usukumani kwa biashara hadi nyakati zinazokumbukwa.

Kwa Buhongwa yenyewe, la kuzingatia ni sura ya ardhi. Ni nchi ya miamba mikubwa ya granaiti na mabonde kati yake. Juu ya vilima udongo ni haba na kilichokuwepo kimeshaonekana au kimesombwa na mvua. Mabondeni na kwenye miteremko ya chini udongo umejilundika kwa karne nyingi, na huko ndiko mabaki hufunikwa yakabaki salama. Shule nazo hutafuta huko huko, kwa kuwa kiwanja cha shule kinataka tambarare. Hoja ya uangalizi inaanzia hapo.

Sheria inasubiri taarifa

Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, ikarekebishwa mwaka 1979. Inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Milango ya mbao iliyonakshiwa ina tarehe yake, kabla ya 1940. Anayegundua kitu cha namna hiyo anawajibika kutoa taarifa kwa viongozi wa serikali au wa mambo ya kale. Kuchimba kwa ajili ya kutafuta vitu hivyo bila kibali ni kosa, na katazo hilo linamhusu mwalimu wa historia mwenye shauku sawa na msaka hazina.

Hofu ya kiwanja kuchukuliwa haina msingi katika sheria hiyo. Kigae kuonekana hakugeuzi uwanja wa shule kuwa hifadhi. Kutangaza eneo kuwa hifadhi ni uamuzi wa waziri, na hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Mifupa ina njia yake: ikiwa ni ya karibuni au ina dalili za jinai, ni kazi ya polisi, ikiwa ni makaburi yanayojulikana katika ardhi inayohitajika kwa shughuli ya umma, kuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, ikiwa ni ya kale kabisa, inarudi kwa watu wa mambo ya kale.

Tarehe ya 1863 ina shida yake. Kageye, kijiji cha mwambao wilayani Magu ambako Henry Morton Stanley alipiga kambi mwaka 1875 na ambako alikufa na kuzikwa mmoja wa Waingereza aliofuatana nao, Frederick Barker, ni ya miaka 12 baada ya mpaka huo. Tarehe ikishagandishwa katika sheria, kila mwaka unaopita unaacha nje mambo mengine ambayo yamekuwa ya kale. Waziri anaweza kuyatangaza moja moja, lakini lazima kwanza mtu ayajue.

Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba sheria hii inasubiri taarifa, haimtumi mtu kuangalia. Inadhani kwamba mwenye sururu atatambua alichokigonga. Sera ya Malikale ya mwaka 2008 iliweka mkazo kwenye tathmini kabla ya miradi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka utaratibu wa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Ila utaratibu huo umebuniwa kwa miradi mikubwa. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, lenye kilomita 1,443, lilifanyiwa tathmini iliyogusa makaburi, maeneo ya matambiko na mabaki ya kale katika njia yake. Madarasa mawili yanayoongezwa kwenye shule ya mtaa hayafiki kwenye meza hiyo.

Kwa nini hakuna anayeangalia

Ni rahisi kulaumu uzembe, lakini chanzo ni namna fedha zinavyokuja. Elimu bila ada ilianza Januari 2016 na shule zikafurika. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa takriban shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya kukabili athari za UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, yaani matawi ya shule za msingi. Yalitakiwa yawe tayari wanafunzi wapya wanapoingia Januari 2022. Zilikuwa wiki chache. Wakuu wa shule na watendaji wa kata walipimwa kwa kasi ya ukuta.

Ujenzi ukafanywa kwa utaratibu wa force akaunti, yaani halmashauri na shule zinanunua vifaa zenyewe na kuwapa kazi mafundi wa eneo. Utaratibu huo umeokoa fedha nyingi na kuacha ujira mtaani. Lakini umeondoa pia mkandarasi mkubwa ambaye mkataba wake ungeweza kuwa na kipengele cha mambo ya kale. Katika orodha ya gharama za darasa kuna saruji, nondo, mabati, mbao na madawati. Hakuna mstari wa uangalizi, na kisicho na mstari hakilipiwi.

Kisha kuna upungufu wa watu. Somo la akiolojia lilianza kufundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1985. Wahitimu wapo, lakini ajira zao katika halmashauri ni chache. Aliyepo wilayani ni afisa utamaduni, na kazi zake ni ngoma, michezo, sherehe za kitaifa na mwenge.

Jenga kwanza

Msimamo wa kwanza unasema mtoto anayekaa sakafuni hawezi kumsubiri mtaalamu wa vigae. Hoja hii ni nzito na anayeipuuza hajaingia darasa la wanafunzi zaidi ya mia. Kila wiki ya kuchelewa ina gharama: saruji inaganda stoo, mafundi wanaondoka kwenye kazi nyingine, fedha zinaweza kurudi Hazina mwaka wa fedha ukiisha. Pia msingi wa darasa ni mwembamba. Unagusa sehemu ndogo ya kiwanja, na mara nyingi hautakuta kitu.

Udhaifu wake ni kwamba unachukulia hasara kuwa sifuri kwa sababu haionekani. Historia ya ziwa hili ina mfano wa kutosha. Mwaka 1929, wafungwa waliokuwa wakichimba kwa ajili ya ujenzi katika gereza la Luzira, karibu na Kampala, walifukua vipande vya sanamu ya udongo wa kuchomwa: kichwa cha mtu na sehemu za mwili. Ni miongoni mwa kazi za sanaa adimu kabisa zilizowahi kupatikana katika Maziwa Makuu. Vilikusanywa na E. J. Wayland, aliyekuwa mkuu wa Idara ya Jiolojia ya Uganda, vikapelekwa Uingereza, na leo viko katika Makumbusho ya Uingereza, London. Mashimo yalikotoka yalikwisha kuvurugwa. Karibu miaka 80 baadaye, mwaka 2008, Andrew Reid na Ceri Ashley walichapisha kazi ya kujaribu kujua sanamu hiyo ni ya enzi gani kwa kutumia vyungu vilivyookotwa pamoja nayo. Swali ambalo siku moja ya kuandika vina na tabaka ingelijibu pale pale limewachukua watafiti vizazi vitatu, na jibu lingali la kukadiria.

Tathmini kamili kwa kila shule

Msimamo wa pili unataka kila ujenzi wa umma upitiwe na wataalamu kabla ya jembe la kwanza. Kimantiki ndio ulio salama kuliko yote, kwa kuwa kitu kikigunduliwa kabla ya mchoro kukamilika, jengo linasogezwa mita kumi na hakuna anayepoteza. Afrika Kusini imejaribu kuuwekea mipaka: sheria yake ya urithi ya mwaka 1999 inataka mamlaka ya urithi zijulishwe pale mradi unapobadilisha eneo linalozidi mita za mraba 5,000, au ukiwa wa mstari kama barabara au bomba unaozidi mita 300. Chini ya hapo, kwa kawaida unaendelea.

Ukipelekwa kwenye shule za mitaa, msimamo huu unavunjika kwenye gharama. Safari, posho na ripoti ya mtaalamu kutoka Dar es Salaam vinaweza kula fedha za choo kizima, na mwisho wa siku mzazi ndiye ataombwa mchango. Na kuna madhara yaliyo mabaya kuliko gharama. Sheria ikiwa kali bila fidia inafundisha watu kuficha. Fundi anayejua kwamba kutoa taarifa kutamkosesha ujira wa wiki tatu atafukia alichokiona, na kamati itamshukuru. Ulinzi wa namna hiyo unaangamiza mambo ya kale mengi kuliko kutokuwepo kwa ulinzi.

Kuangalia wakati wa kuchimba

Msimamo wa tatu ni uangalizi wenyewe: mtaalamu au mtu aliyefundishwa anakuwepo wakati udongo unapoondolewa, anaandika na kupiga picha, na anaruhusiwa kusimamisha sehemu ndogo ya mtaro kwa muda mfupi. Nchini Uingereza huu umekuwa utaratibu wa kawaida tangu mwongozo wa mipango miji wa Novemba 1990, uliotoka mwaka mmoja baada ya mgogoro wa London kuhusu mabaki ya ukumbi wa maigizo wa Rose. Huko hata chumba kimoja kinachoongezwa kwenye shule ya kijiji kinaweza kuwekewa sharti hilo, na anayejenga ndiye anayelipa. Ufaransa walichagua njia nyingine: sheria ya mwaka 2001 iliweka tozo kwa wanaojenga, na mwaka uliofuata ikaundwa taasisi ya kitaifa, Inrap, ya kufanya kazi hiyo.

Nguvu ya uangalizi ni kwamba haumchelewishi fundi asipokuta kitu. Siku ambazo ni za lazima ni chache: siku ya kuondoa udongo wa juu, siku ya mitaro, na siku za shimo la choo. Hilo la choo husahaulika, kumbe ndilo linaloshuka chini kuliko msingi wowote na kupita matabaka mengi zaidi.

Una udhaifu wa kweli pia. Unakuja wakati mchoro umeshapitishwa, kwa hiyo hauokoi, unaandika tu kinachoharibiwa. Anayeangalia mtaro mwembamba huona kipande cha habari na si habari yote. Na kanuni ya anayejenga alipe haina maana ikiwa anayejenga ni serikali yenyewe pamoja na wazazi wa Buhongwa.

Mawe na moramu

Mjadala wote huu hutazama kiwanja cha shule, na hapo ndipo unapokosea kwa Mwanza. Jengo moja linataka malori ya mawe ya msingi, kokoto, mchanga na moramu. Mawe hayo hupasuliwa kutoka miamba ile ile ambayo chini yake kuna mapango yaliyokaliwa na watu wa kale na ambayo baadhi ina michoro. Familia nyingi za Mwanza zinaishi kwa kugonga kokoto, na hakuna anayepaswa kuzinyang'anya riziki. Lakini mwamba ukipasuka umekwisha, na shimo la moramu linaweza kumeza kilima kizima wakati mtaro wa darasa umechukua upana wa jembe. Uangalizi unaoishia kwenye uzio wa shule unatazama upande wenye hatari ndogo.

Uzito wa hoja

Ukiweka yote mezani, hakuna msimamo unaosimama peke yake. Jenga kwanza una haki kuhusu mtoto na unakosea kuhusu hasara. Tathmini kamili ina haki kuhusu wakati na inakosea kuhusu watu. Uangalizi unawezekana, mradi usogezwe mbele kidogo na usiachwe mikononi mwa mgeni.

Kusogezwa mbele maana yake ni kukitembelea kiwanja kabla ya kuchora jengo. Mtu mwenye jicho lililofundishwa anaweza kukizunguka kiwanja cha shule kwa asubuhi moja, akatazama kingo za makorongo, vichuguu na mashimo ya zamani, ambako vigae hujitokeza vyenyewe. Akiona dalili, jengo linasogezwa kwenye karatasi, bila gharama ya saruji. Wazee nao waulizwe siku hiyo. Katuruka haikugunduliwa kwa mashine. Schmidt aliongozwa na masimulizi ya Wahaya kuhusu mfalme Rugomora Mahe na mti wa Kaiija, na uchimbaji ukathibitisha kwamba kumbukumbu za wazee zilielekeza mahali halisi pa kazi ya chuma.

Jicho la pili ni la fundi na msimamizi wa kamati. Hawa ndio walio mtaroni kila siku. Nusu siku ya mafunzo, vigae vya kushika mkononi, na karatasi moja yenye picha na namba ya simu ya mhusika wa mambo ya kale vinatosha kuwafanya wajue kipi ni kigae cha juzi na kipi ni cha Urewe, kipi ni jiwe la kawaida na kipi ni mavi ya chuma. Makumbusho ya Wasukuma Bujora, pale Kisesa, iko karibu na ingefaa kuwa mahali pa mafunzo hayo. Benki ya Dunia, ambayo imegharimia sehemu ya uboreshaji wa shule zetu, tayari ina kiwango chake namba 8 kuhusu urithi wa utamaduni, na miradi inayokifuata hutakiwa kuwa na utaratibu wa nini kifanyike kitu kikifukuliwa bila kutarajiwa. Utaratibu huo unaweza kuandikwa kwa Kiswahili kwenye ukurasa mmoja na kubandikwa stoo ya saruji.

Mamlaka ya kusimamisha kazi yawe na kikomo kinachojulikana: kazi ihamie upande mwingine wa kiwanja, na mtaalamu asipofika au kujibu kwa picha ndani ya muda uliotajwa, kamati ipige picha, ipime kina, ihifadhi kilichotoka na kuendelea. Kuna watakaosema huko ni kulegeza sheria. Kwa maoni yangu ndiyo njia pekee ya kumfanya fundi aseme ukweli, na taarifa moja ya kweli yenye upungufu ina faida kuliko amri kali inayozaa ukimya. Ujira wa siku zilizosimama ulipwe kutoka mfuko wa taifa, usiguse fedha za darasa. Machimbo ya mawe na moramu yawekwe katika utaratibu huo huo wakati vibali vyake vinapotolewa.

Wizara ya Maliasili na Utalii, yenye dhamana ya mambo ya kale, na TAMISEMI, inayosimamia halmashauri, hazihitaji sheria mpya ili kuanza. Waraka mmoja wa pamoja kwa wakurugenzi wa halmashauri unatosha, ukiwa na mstari mmoja mpya katika orodha ya gharama za ujenzi wa madarasa. Waraka huo utolewe kabla ya awamu nyingine ya fedha za madarasa kufika.